Upenyo Mmoja, Pikipiki Moja

Saiti mira yangu ya kushoto imebaki Tabata Relini. Sikuanguka, namshukuru Mungu, lakini gumba la mkono wa kushoto bado linauma na hasira yangu haijapoa, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Ilikuwa Jumanne jioni, Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, natoka Buguruni kwenda Ubungo. Ile saa mnaijua. Malori ya bandarini yameziba njia ya kushoto, magari madogo yameziba ya kulia, sisi wa pikipiki tunapenya katikati. Nilikuwa kwenye spidi 20 hivi. Kushoto kwangu semi trela lenye kontena, kulia kwangu Noah. Mbele pakabana kidogo, nikapunguza mafuta. Hapo hapo nikasikia injini sikio la kushoto. Nasema kushoto, mwenzangu wa pikipiki anapita kati yangu mimi na lile lori. Honi hakupiga, taa hakuwasha. Usukani wake ukaingia nyuma ya mkono wa klachi yangu, kioo kikaruka, pikipiki ikaanza kulala upande wa trela. Niliziona nati za lile gurudumu moja moja, zimeganda grisi na vumbi, ziko usawa wa goti langu. Nikaing'ang'ania pikipiki mpaka ikasimama wima. Yeye huyo, kapita. Nyuma yake amekaa mama, na katikati yao wamembana mtoto wa shule, sweta la kijani, begi mgongoni. Yule mtoto aligeuka akaniangalia.

Nilimkuta mbele, pale External, foleni imesimama kabisa. Nikamwambia, "Kaka, ungenipigia hata honi nikupishe." Akanijibu taratibu tu, bila ubaya wowote, "Aa, bro, si nimepita?"

Si nimepita. Hilo neno nimelala nalo, nimeamka nalo. Hakuwa mkorofi yule kijana, na ndiyo maana limeniuma zaidi. Kwake yeye kupita ndiyo ushahidi kwamba palikuwa na nafasi. Aliyebaki nyuma anahangaika na usukani kando ya matairi ya lori hayumo kwenye hesabu yake.

Basi tuipige hesabu yenyewe. Nilipofika nyumbani nilichukua futi nikapima usukani wangu, ncha hadi ncha, bila vioo: sentimita 78. Lori lina upana wa mita 2.5, gari dogo kama mita 1.8. Ichukue njia yenye mita 3.5, kila dereva yuko katikati ya njia yake kwa heshima zote. Kati ya lori na gari dogo inabaki mita 1.35. Pikipiki mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, hata zikigusana, zinataka mita 1.56. Hazienei! Na hapo bado sijaweka kioo, goti, begi la mtoto, wala dereva wa Noah anayeegemea kushoto kuchungulia foleni imeanzia wapi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku bila kulifikiria. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo, ukisukuma usukani wa kushoto kwenda mbele, pikipiki hulala kushoto. Ndivyo tunavyokata kona. Sasa mtu akija kwa nyuma upande wa kushoto akakugonga kwenye klachi, anausukuma usukani wako kwenda mbele, na pikipiki inakulalia kule kule aliko yeye, na kule liliko lori. Huhitaji kugongwa kwa nguvu. Kuguswa kunatosha.

Tunaendesha kushoto nchi hii, kwa hiyo tunapita kwa kulia. Hilo ni somo la siku ya kwanza, hata aliyefundishwa na shemeji yake uwanja wa mpira analijua. Lakini tukishaingia ndani ya upenyo tunajifanya sheria imebaki nje. Na upande wa kushoto ndiko miguu iliko, jamani. Mama aliyevaa gauni, anayekaa upande, miguu yote miwili anaiweka kushoto. Shangazi yangu hupanda hivyo hivyo kwenda sokoni, viatu vyake vinachomoza kuliko usukani. Anayepita kushoto kwa pikipiki iliyombeba anapitisha chuma kwenye vifundo vya miguu vya mtu ambaye hana pa kukwepea, maana uso wake umeelekea huko lakini mikono yake imeshika kiti.

Sisemi tusipenye. Mimi mwenyewe napenya, na atakayeniambia nikae nyuma ya semi trela kuanzia Buguruni hadi Ubungo nikivuta moshi wa dizeli, huyo haijui Mandela. Ufaransa wameruhusu kisheria tangu Januari 2025 pikipiki kupita katikati ya foleni kwenye barabara zao kubwa, lakini wameweka masharti: usizidi kilomita 50 kwa saa, na ukiwa humo ndani usimpite mwenzako aliye humo humo. Sharti hilo la pili ndilo ninalolililia. Upenyo mmoja, pikipiki moja, mmoja nyuma ya mwingine. Ukiwa na haraka, ngoja mwenzako afike panapopanuka.

Najua mtaniambia nini. Vijana wanakimbiza hesabu ya bosi, ile pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki kila siku, na siku ya mvua abiria hakuna lakini hesabu ipo pale pale. Kweli. Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba sisi wa mbele nasi tuna makosa. Kuna mtu anaingia kwenye upenyo simu kaipachika ndani ya helmeti anaongea na shemeji zake, spidi 10, nyuma yake pikipiki saba, kioo hakitazami. Kuna anayekuona kabisa kwenye kioo na anatanuka makusudi usipite. Huyo naye anatafuta mtu amwingilie kushoto. Ila ukorofi wake haukupi wewe ruhusa. Aliye nyuma ndiye anayeona kila kitu: anaona mgongo wangu, anaona lori, anaona nafasi. Mimi wa mbele nina kioo kimoja cha kutazama kwa nukta. Kwa spidi 40 yeye anakula mita 11 kila sekunde. Nikitazama kioo hayupo, nikirudisha macho mbele tayari yuko begani kwangu.

Jumatano nikaenda kwa fundi wangu, Riverside. Akaushika mkono wa klachi, akautazama ulivyopinda, akaniuliza, "Umelala wapi?" Yaani nimeanguka wapi. Nikamwambia sijalala. Akasema, "Basi umeguswa." Akavuta ndoo ya rangi kutoka chini ya benchi, imejaa mikono ya klachi na breki, mingine imekatika ncha, mingine imepinda kama ndizi. Akachambua ya klachi, yaani ya kushoto, akaitenga pembeni, rundo likawa kubwa kuliko la breki. Sikumwomba afanye vile. Alifanya tu, huku anatafuna muwa, kama mtu anayeonyesha bidhaa.

Mishikaki, ile ya kupakia abiria wengi kwenye pikipiki moja, sitaiongelea leo, wala helmeti ya abiria inayoning'inia kwenye usukani wakati abiria kichwa wazi. Wala kuchomekea mbele ya mwenzako halafu ukafunga breki kwa sababu umeona abiria. Yote yanaua. Lakini hayo tunayasema kila mwaka wiki ya nenda kwa usalama, na hili la sisi kwa sisi hakuna anayeligusa. Tukigongwa na daladala tunakusanyika kijiwe kizima, tunazuia gari, tunapiga kelele mpaka trafiki aje. Pikipiki ikiangusha pikipiki, tunamnyanyua aliyeanguka, tunamwambia pole, tunaondoka. Nani kawahi kumrudia aliyepita akamuuliza?

Mimi nilimuuliza mmoja, akanijibu si nimepita. Nikikutana naye tena nitamuuliza tena, na safari hii nitamwomba ashuke asimame pale nilipokuwa mimi, kando ya gurudumu la trela, aangalie zile nati.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nashuka Kimara kuelekea Buguruni. Pikipiki nyekundu, kioo cha kushoto kipya, bado kina karatasi ya dukani. Ukinikuta ndani ya upenyo, piga honi mara moja, fupi. Nitainua mkono ujue nimesikia. Pakipatikana nafasi nitaingia kushoto mbele ya gari, nawe utapita kulia.