Sola ya gridi au ya kujitegemea? Ugomvi upo usiku

Ukianza tu mjadala wa sola watu wanagawanyika kambi mbili, hawa wanasema achana na umeme wa gridi ujitegemee, wale wanasema baki na mita yako paneli zipunguze bili basi. Mi naona wanabishana kuhusu paneli wakati paneli ndo kitu chepesi kuliko vyote hapo, ikishakaa juu ya bati ni kuifuta vumbi tu na waranti ya kuzalisha mara nyingi inafika miaka 25. Swali ni usiku unatumia umeme wa nani.

Chukua nyumba inayokula uniti 4 toka jua lizame mpaka asubuhi, friji, taa, tv na feni. Betri ya asidi ya volti 12 ampea-saa 200 kwa maandishi inabeba uniti 2.4, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 1.2 tu. Hizo ni betri nne kwa usiku mmoja! Sasa likija wingu siku tatu mfululizo unataka kumi, na hapo bado sijagusa matumizi ya mchana. Lithiamu inakuokoa kidogo, unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90 na inavumilia kuchajiwa maelfu ya mara, ila pesa ya kuanzia inauma. Na usidanganyike na namba ya nyuma ya paneli, ile wati 400 imepimwa seli ikiwa nyuzi 25, juani bati likiwaka seli inapita 60 na unapoteza zaidi ya asilimia 10 hivi hivi.

Kwa hiyo gridi imeshinda? Taratibu. Hapa kuna kitu wauzaji wengine hawakisemi mpaka ushalipa. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ile ya kawaida ya gridi inafuata mapigo ya gridi yenyewe, umeme ukikatika na yenyewe inajizima, yani saa saba mchana jua kali, paneli kumi juu ya paa, na ndani giza. Watu wanamtukana fundi bure, maana imewekwa hivyo makusudi, ingeendelea kusukuma umeme kwenye laini ambayo fundi wa nguzo anaamini imezimwa ingemuua.

Halafu kuna suala la kuuza ziada. Ni tamu pale kampuni inapokurudishia uniti kwa uniti, unaitumia gridi kama betri ya bure. Ila kampuni nazo zina hoja, kila mwenye sola anasukuma umeme mchana muda mmoja wakati hauhitajiki sana, jioni wote wanarudi kudai, na gharama ya nguzo na transfoma anabebeshwa jirani asiye na paneli. California walibadilisha hesabu Aprili 2023, wateja wapya bei ya kuuza ikashuka vibaya, na ghafla kila mtu akaanza kuulizia betri. Mi hoja ya kampuni naikubali nusu, sababu uniti yako ya mchana inaishia kwa jirani huyo huyo bila kusafirishwa toka mbali, nayo ina thamani yake.

Kujitegemea kabisa nakuona kuna maana kama laini iko mbali na kuvuta nguzo ni ghali kuliko betri zote hizo. Kama waya ushafika kwako, hata ukikatika katika, mi ningechukua inveta ya haibridi, ile inayotumia gridi na betri pamoja na haizimi gridi ikikatika, na betri ndogo ya vile vitu vya lazima, pasi na hita visubiri gridi. Na kabla hujamalizia malipo mwambie fundi azime swichi kubwa ya gridi mchana kweupe mbele yako, uone friji inaendelea kunguruma au imenyamaza.