Boti Imevaa, Mimi Natetemeka

Jamani, mimi mtoto wa Tanga, niliyekua naogelea bila shati, leo niko Portland, Maine, huko Marekani, na kazi yangu ni kuvisha boti nguo. Hujakosea kusoma.

Ikifika Oktoba, baridi ya kugandisha maji ikianza kubisha hodi, matajiri wanatoa boti zao majini. Kreni inazinyanyua kwa mikanda kama mgonjwa kwenye machela, zinaoshwa tumbo, halafu zinapangwa uwanjani hadi Mei huko. Hesabu mwenyewe hiyo miezi! Na malipo ni kwa futi. Niliyonayo sasa ina futi 38. Chumba changu hata 12 hakifiki.

Kwanza injini inanyweshwa dawa, maana maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, na lichuma lote lile linapasuka kama soda uliyoisahau kwenye friza. Basi nachuchumaa humo ndani, mkono mmoja kwenye mpira, mwingine kwenye galoni, namimina dawa ya pinki mpaka bomba la moshi kule nyuma liteme pinki. Ukiiona utadhani sharubati ya futari. Mabomba ya jiko nayo yanywe, ya choo yanywe. Mimi tangu alfajiri hata chai sijaionja. Magodoro yake je? Yanapelekwa nyumbani kwa tajiri, yakalale kwenye joto, yasishike ukungu!

Ndipo tunaivisha plastiki nyeupe, gubigubi, na kuipitishia moto wa gesi hadi ibane. Hapo hutakiwi kuzubaa. Wiki iliyopita vidole vilikufa ganzi, nikasema ngoja niuote kidogo moto wa watu. Lahaula, tundu la ukubwa wa chapati! Mwenzangu Mkongomani alicheka hadi akakaa kwenye theluji. Nikaziba kwa utepe, nikapiga kimya.

Jumamosi mwenye boti akaja kuijulia hali. Akaizunguka, akaipapasa, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Matundu ya hewa yanatosha? Isikose kupumua." Mimi pua imeziba siku ya nne, wala hakuna aliyeniuliza napumulia wapi.

Kwetu mashua ikivutwa ufukweni inapigwa kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa, tumbo linapakwa shahamu na chokaa, hao, imerudi kazini. Nani ana muda wa kuibembeleza?

Nikampigia bi mkubwa. Shikamoo, marahaba, nikamweleza.

"Hiyo boti inavua samaki gani, mwanangu?"

"Haivui, mama. Ni ya kupungia upepo."

"Kwani sasa huko upepo hakuna?"

"Upo, mama. Mwingi mno."

Akanyamaza kidogo. "Na hiyo plastiki, kikibaki kipande si ujifunike?"

Sikumjibu. Kipande kimeshaziba dirisha langu tangu wiki iliyopita.