Nesi aliyesema kweli asihamishwe

Mimi ni mtu wa Wete. Unesi nimeufanya Pemba kabla ya kuja kuufanya England, na nikirudi likizo jamaa huniambia, "Wenzetu huko hawaogopi kusema." Sikubaliani nao. Woga ni ule ule. Kinachotofautiana ni yale yanayomkuta nesi akishasema.

Pemba tulikuwa na sista mmoja mtu mzima. Daktari aliandika sindano ya jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa mtoto ambaye hakupimwa uzito. Dawa ile hupigiwa hesabu kwa kilo, na ikizidi huumiza figo na masikio. Sista aliiweka sindano kwenye trei, akampokea mtoto kwa mama yake, akenda naye kwenye mizani. Dozi ilikuwa kubwa mno. Daktari akaikata, akaandika nyingine, kimya. Mwezi haukuisha, sista kapewa barua ya uhamisho. Wodi nzima iliona na hakuna aliyeuliza, maana sisi tunaoneana muhali: daktari mtoto wa fulani, mkuu wa kazi shemeji yake fulani, na Ijumaa wote mko msikiti mmoja. Funika kombe. Lakini mtoto yule angeharibika masikio, muhali ungemsaidia nini?

Huku nako watu wameumia. Helene Donnelly, nesi wa hospitali ya Stafford, alieleza kwamba manesi wanalazimishwa kudanganya muda ambao wagonjwa wa dharura wamesubiri. Alitishwa na wenziwe mpaka akaogopa kwenda peke yake kwenye gari usiku. Ilibidi ije ripoti ya Robert Francis, mwanasheria aliyeongoza uchunguzi wa hospitali hiyo, Februari 2013, ndipo nchi ikashtuka. Tangu Novemba 2014 sheria inazilazimisha hospitali za umma za England kumwambia mgonjwa kweli akidhurika na matibabu. Wodini kwangu, dozi ya dawa ikirukwa, nesi hujaza fomu kwenye kompyuta, kisha huenda kitandani akamweleza mgonjwa na kumtaka radhi. Na kuna mtu maalumu wa kumwendea ukiona jambo haliendi sawa.

Sisi wageni, hata hivyo, tuna hofu yetu. Viza imefungwa kwa mwajiri. Kazi ikikatika una siku 60 kutafuta mwingine au kuondoka. Nawajua manesi hodari wanaomeza maneno kwa sababu hiyo tu, na siwalaumu.

Kwa hiyo tusiwahubirie manesi wetu ujasiri. Sista yule alikuwa nao, tena mwingi. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama naye. Naiomba Wizara ya Afya na Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar: kila hospitali, kuanzia Mnazi Mmoja ya Unguja mpaka Abdalla Mzee ya Pemba, iwe na mtu wa kupokea taarifa hizi asiyekuwa chini ya mkuu wa hospitali hiyo. Na nesi aliyetoa taarifa, barua yake ya uhamisho isisainiwe mpaka mtu huyo aulizwe.