Somo aliyeniuliza habari ya mkono

Kuna picha niliyopiga Berlin, kwenye makumbusho, nimesimama chini ya mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, wa Tendaguru, kilima cha kwetu Lindi. Mtu wa Lindi akiishi mji huu, ipo siku atakwenda pale tu. Wajerumani waliichimba mifupa ile kwetu kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi yule amesimama ukumbini, kimo chake kinapita mita 13. Niliituma picha usiku, na kufika asubuhi walioipenda walikuwa zaidi ya mia mbili. "Umetisha kaka." "Ulaya imekukubali." "Usitusahau huko."

Ujumbe mmoja ulikuja pembeni, wa Somo wangu. Tunaitana hivyo tangu utotoni pale Mitema kwa kuwa jina letu ni moja. Habari za mjusi hakuuliza. Aliandika: "Somo, mkono wa kushoto una nini? Mbona umeushikilia?"

Wiki ile nilikuwa nimeanguka na boksi ghalani ninapofanya kazi, bega likateguka, na siku mbili baadaye nikaambiwa mkataba wangu hautaongezwa. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mama. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikalia.

Wajerumani wana neno Freund, rafiki, na wana neno Bekannter, mtu mnayejuana tu. Hawayachanganyi. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini tulisalimiana miaka minne. Nilimpandishia kabati lake, akaninywesha chai, na nyumbani nilishamtangaza kuwa ni rafiki yangu Mjerumani. Siku moja dada yake akaja, mzee akanitambulisha: huyu ni Bekannter wangu. Niliumia, tena sana. Nilimpita kwenye ngazi wiki nzima nikiinamisha kichwa. Leo naona alinitendea haki, maana hakunipa jina ambalo hakuwa tayari kulibeba.

Kwetu hatukulihitaji neno la namna hiyo. Mtu unamwita ndugu, kaka, rafiki, siku ya kwanza mkiwa mnasubiri basi, na hakuna anayedanganyika, kwa sababu kazi ndiyo iliyokuwa ikituchambua. Korosho zikidondoka, nani anakuja kuziokota pamoja nawe? Msibani, nani anashika jembe makaburini, na nani anatokea ubwabwa ukishaiva? Nani anakukopesha bila kuandikishana? Msimu mmoja tu, na kila mtu mtaani alishajua nani ni nani. Neno tuligawa bure kwa sababu matendo yalikuwa yakilichunga.

Simu imelichukua neno ikaacha matendo nyuma. Facebook ya Kiswahili inaandika "marafiki" na inakuruhusu 5,000. Robin Dunbar, mtaalamu wa Uingereza, alikadiria kwamba mtu mmoja anaweza kushika uhusiano wa maana na watu kama 150, na walio karibu naye kabisa ni kama watano. Hao watano nawaamini. Wangu mimi hawamalizi vidole vya mkono mmoja.

Mei 2024 nilijua kwa nini ni wachache hivyo. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani mwanzoni mwa mwezi, mvua ikaikata barabara ya Dar kuja kusini upande wa Kilwa. Simu ya mama iliingia maji. Mama ana presha, na dawa zake hutoka Dar. Mara tarehe 12 nyaya za intaneti chini ya bahari zikapata hitilafu, na mtandao Tanzania ukawa haushikiki. Kundi letu la mtandaoni la watoto wa Lindi, ambalo huanza kulia alfajiri, likanyamaza. Siwalaumu, njia hawakuwa nayo. Lakini mimi nilikuwa natembea chumbani kama mtu aliyepoteza funguo.

Siku ya pili simu ikaita, namba ya Tanzania, ya kawaida, ya vocha.

"Somo, natoka kwa mama sasa hivi. Dawa zipo za wiki mbili, nimezihesabu. Kala wali na changu. Bati la jikoni lilinyanyuka, nimelipigilia. Usi..."

Vocha ikaisha.

Sisemi wale wa kwenye kundi si kitu. Mchango ukihitajika wanachanga, na kazi niliyonayo sasa nilielekezwa na mtu wa Newala ambaye hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kujuana ni mali, na aliye ugenini anaijua thamani yake. Kinachoniuma ni sisi tulio huku, tunaojimaliza kwa wengi halafu wale watano tunawapelekea makombo. Mwaka ule, hadi Mei, Somo nilikuwa nimemsalimia mara tatu, na zote kwa kumtumia picha. Yeye alikuwa anahesabu vidonge vya mama yangu.

Siku hizi nampigia kila Jumapili, simu ya kawaida. Nimemwambia na mwanangu, aliyezaliwa na anayekulia na simu, kwamba mtu akiuliza habari zake asimjibu kwa kijipicha cha kidole gumba, amjibu kwa sauti.

Jumapili iliyopita Somo alikuwa shambani, wanapuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho. Hatukuwa na la kuzungumza. Akasema, "Subiri," akaiweka simu juu ya kisiki bila kuikata. Nikasikia mashine ikinguruma, na yeye akimwita kijana wake asisimame kule upepo unakoelekea. Zikapita dakika kumi na kitu. Kisha akaishika tena.

"Upo, Somo?"

Nikamwambia nipo.