Gion Matsuri: uende Kyoto Julai, au uikwepe?

Anayetaka kuona mila za Kyoto hupewa ushauri wa aina mbili. Wengine humwambia apange safari iangukie Gion Matsuri, tamasha la hekalu la Yasaka linalochukua Julai nzima. Wengine humwambia Julai aikimbie, aende Novemba majani yakigeuka rangi. Wote wana hoja, lakini wote hulizungumzia tamasha la mwezi mzima kana kwamba ni la asubuhi moja, ile ya tarehe 17, siku ya gwaride la magari ya mbao yaliyopambwa.

Wanaokataa hawatii chumvi. Kyoto imekaa bondeni, milima imeizunguka pande tatu, na nyuzi 35 mchana ni jambo la kawaida. Mtu wa Mombasa au Dar anaujua unyevu wa namna hiyo. Asichokizoea ni kuukosa upepo wa bahari. Masika ya huko mara nyingi huisha karibu na tarehe 20, kwa hiyo gwaride la tarehe 17 linaweza kupita chini ya mvua, mapambo yote yakiwa yamefunikwa plastiki. Usiku wa tarehe 15 na 16 barabara ya Shijo hufungwa kwa magari ya kawaida kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku, na vichochoro vingi hugeuzwa njia ya upande mmoja kwa watembea kwa miguu. Hapo ndipo wageni wengi hukwama: gari la tamasha unalotaka kuliona liko hatua hamsini mbele yako, lakini polisi wanakuelekeza uzunguke mtaa mzima. Hoteli nazo hupanda bei. Wengi hulala Osaka, nusu saa tu kwa treni ya haraka ya shirika la reli la JR.

Hata hivyo, kinachopita asubuhi ya tarehe 17 hakina mfano. Magari 23 hupita, na yale makubwa yaitwayo hoko hufika kimo cha mita 25 na uzito wa tani 12 hivi. Magurudumu yake ya mbao hayana usukani. Likifika kona, hoko husimama, mianzi iliyopasuliwa hutandikwa chini ya magurudumu ya mbele na kumwagiwa maji, kisha wavutaji hulivuta kwa kamba kutoka ubavuni. Huteleza kidogo, husimama, mianzi hutandikwa upya, na kwa kawaida huhitaji mivuto kadhaa kutimiza robo ya mzunguko. Kona ya Shijo na Kawaramachi ndiyo maarufu, nayo ndiyo yenye msongamano mkubwa kuliko zote. Ile ya Kawaramachi na Oike ina nafasi zaidi.

Viti vya kulipia hupangwa Oike, juani. Beba kofia pana, maana mwavuli utamziba aliye nyuma yako. Mwaka 2023 viliongezwa viti vya kifahari vya yeni 400,000, na mzozo ukazuka. Watetezi husema ulinzi wa umati una gharama na lazima fedha zipatikane mahali. Wapinzani husema hii ni ibada iliyoanza mwaka 869 kuomba tauni iondoke, si onyesho la jukwaani. Hoja ya gharama ina uzito, ila wapinzani wana ushahidi mitaani: magari hufunguliwa vipande mara tu baada ya gwaride, kwa sababu huaminika kuwa yamekusanya maradhi ya mji, na jioni hiyo hiyo miungu ya Yasaka hubebwa mabegani kwa machela zao. Mtalii aliyeondoka mchana ameliona gwaride la kusafisha njia tu.

Kwa maoni yetu, siku bora ni zile zisizotangazwa sana. Kuanzia tarehe 10 mafundi huunga hoko katikati ya barabara bila msumari hata mmoja. Viungo hufungwa kwa kamba za mabua ya mpunga, mzunguko juu ya mzunguko, kwa sababu fremu inapaswa kunyumbulika kwenye kona. Msumari ungelegea au ungepasua mbao. Unaweza kusimama hatua tatu kutoka kwa fundi. Tarehe 12 na 13 magari huvutwa kwa majaribio, na yeyote anaruhusiwa kushika kamba, wanawake na watoto wakiwemo, ingawa Naginata-hoko, mojawapo ya hoko hizo, bado hairuhusu wanawake kupanda juu.

Asiyewahi siku hizo aangalie gwaride la pili, la tarehe 24. Hili liliunganishwa na la kwanza mwaka 1966, likarudishwa mwaka 2014. Lina magari 11, hufuata njia kwa mwelekeo wa kinyume, na jioni zake za tarehe 21 hadi 23 hazina vibanda vya vyakula, hivyo vichochoro hupitika. Kinachopungua ni ukubwa, maana mengi ni madogo kuliko hoko za tarehe 17.

Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanahitaji viza, na ombi lake hudai ratiba ya kila siku pamoja na mahali pa kulala. Chukua hoteli inayokubali kufutwa bila malipo, tena mapema. Ukinunua chimaki kwenye gari lolote, usiifungue ukitafuta wali ndani: ni hirizi ya majani ya mwanzi, hutundikwa juu ya mlango kwa mwaka mmoja.