Kijumbe, kufuli tatu na cheti cha halmashauri

Mtajie mtu wa Dar es Salaam neno "taasisi", atawaza jengo lenye mlinzi getini, mhuri na foleni. Mchumi Douglass North, mmoja wa washindi wa Nobel mwaka 1993, alilitazama vingine: taasisi ni kanuni za mchezo, zilizoandikwa na zisizoandikwa. Kwa maana hiyo kijumbe kule Mbagala, anayekusanya pesa za mchezo wa kupeana kwa zamu, ni taasisi, ingawa hana hata meza.

Je, taasisi ya namna hiyo inahitaji karatasi? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii vya fedha, vikoba vya kuweka na kukopeshana vikiwemo, daraja la nne, na kuvitaka visajiliwe.

Wanaolalamikia usajili huo wana hoja. Tazama kikoba kikikaa Jumapili jioni. Sanduku la bati lina kufuli tatu, na funguo wanazo wanawake watatu wa nyumba tofauti. Mmoja akichelewa halifunguki, naye analipa faini huku wenzake wakimcheka. Pesa zinahesabiwa kwa sauti. Mkaguzi gani atalishinda jicho la jirani utakayekutana naye kesho bombani? Cheti hapo kinaongeza nauli tu.

Lakini mji huu ni wa wapangaji. Mweka hazina akihama usiku, asubuhi simu haipatikani na jicho la jirani halina pa kuangalia. Ukienda kushtaki unaulizwa katiba ya kikundi iko wapi. Halafu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hupewa vikundi vilivyosajiliwa. Wengine wanabaki na kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali.

Nadhani tunachanganya vitu viwili. Kwenye mchezo pesa hailali: inakusanywa, inakabidhiwa, basi. Hatari ni ya wa zamu za mwisho, ndiyo maana kijumbe mjanja humweka mgeni huko huko mkiani. Kijumbe huyo aachwe bila cheti. Kikoba ni kingine. Hisa zinalala sandukuni, zinakopeshwa, zinazaa, hadi siku ya kuvunja kikoba na kugawana, pesa zinakuwa nyingi kuliko alizowahi kushika yeyote pale. Hapo nataka cheti, ila afisa maendeleo ya jamii akifuate kikao Jumapili, asiwaite akina mama thelathini ofisini Jumatatu, saa ya biashara.