Ua wa umeme Kakamega: nani anafungiwa nje?

Wazo la kuuzungushia Msitu wa Kakamega ua wa umeme limewagawa watu wa magharibi mwa Kenya. Wanaolitaka husema doria imeshindwa. Wanaolikataa husema msitu utageuzwa gereza, na wanaoishi kando yake washtakiwe kwa kuokota kuni. Kila upande una hoja, ila hoja hizo hazina uzito sawa.

Wanaotaka ua wana takwimu. Msitu huu, mabaki ya mashariki kabisa ya misitu ya mvua ya Kongo, ulipotengwa rasmi mwaka 1933 ulikuwa na takriban kilomita mraba 240. Leo miti ya asili haifiki nusu ya eneo hilo. Kaunti yenyewe ilihesabiwa watu 1,867,579 katika sensa ya 2019, zaidi ya 600 kwa kila kilomita mraba. Kibali cha kuokota kuni zilizokauka nacho kina mwanya mkubwa: mtu humenya gome la mti mbichi kuuzunguka wote, anauacha ufe, kisha anarudi baadaye kukata “kuni kavu” kihalali. Mwiritsa (Prunus africana), ambao gome lake ni dawa, huuawa vivyo hivyo na wachunaji wenye pupa. Ua ungewazuia pia ng'ombe wanaokanyaga miche, na pikipiki za magunia ya makaa.

Mfano unaotajwa ni misitu ya Aberdare, iliyokamilishiwa ua wa takriban kilomita 400 mwaka 2009, na Eburu, Kaunti ya Nakuru, iliyofuata mwaka 2014. Hapo ndipo mlinganisho unapopwaya. Ua wa Aberdare ulikuwa na kazi mbili: kulinda msitu, na kuwazuia ndovu wasiingie mashambani. Mkulima aliyelala usingizi kwa sababu ya waya huo ana sababu ya kuulinda. Kakamega hakuna ndovu. Wanaovamia mahindi ni kima na nyani, na hao huruka kutoka tawi hadi tawi juu ya waya wowote. Kwa hiyo jirani anaombwa autunze ua unaomzuia yeye mwenyewe.

Kisha kuna matunzo, jambo ambalo kwenye mikutano hupitiwa haraka mno. Mvua hapa ni kama milimita 2,000 kwa mwaka. Nyasi na mimea inayotambaa ikigusa waya wa chini, umeme huvuja ardhini na nguvu hushuka hadi ng'ombe asiusikie. Lazima kufyeka pande zote mbili mara kwa mara, msimu hadi msimu. Tawi moja likianguka usiku, kipande kizima kinazimika. Waya huo pia huweza kuua wanyama: huko Afrika Kusini, kakakuona wamekufa wakijikunja kwenye waya wa umeme badala ya kurudi nyuma.

Isitoshe, ua hauponyi kilichokwisha kuharibika. Mapengo yaliyofyekwa hushikwa na mipera na vichaka vya lantana, na miche ya asili hukosa mwanga. Lazima kufyeka kuizunguka hadi iyapite magugu kimo. Mbegu za mwiritsa nazo hupoteza uhai zikikauka. Zioteshwe kitaluni mara tu matunda yanapoiva. Vipande vya msitu vilivyojitenga kama Kisere, makao ya kima wa De Brazza, vinahitaji ukanda wa miti uviunganishe na msitu mkubwa, na ukanda huo hupita kwenye mashamba ya watu. Ua ukipita kati, hata mazungumzo na wenye mashamba hayo yanakufa.

Kwa maoni yetu, waya uwekwe vipande vifupi tu, pale njia za makaa na malisho zinapoingia. Fedha zinazobaki ziende kwenye majiko sanifu, na miche ya grevilia na kaliandra kwenye mipaka ya mashamba, ambayo hupogolewa kuni bila kuua mti. Mukombero, ambao mizizi yake huuzwa hadi stendi za Kisumu, nao upandwe nyumbani: ukichimba mizizi yote ya mmea wa msituni, umeumaliza.

Ikiwa ua kamili utajengwa licha ya hayo, milango iwekwe karibu na vijiji. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani hatazunguka kilomita tano kuutafuta mlango. Atatafuta mahali waya umelegea.